Mtaa una lami, mbona hakuna anayetembea?

SWALI: Nilizaliwa na kukulia Kaloleni, hapa Arusha, nikafundisha shule ya msingi mpaka nilipostaafu na kuhamia kwenye kiwanja changu cha Njiro. Kaloleni tulikwenda kila mahali kwa miguu, ingawa kiangazi vumbi lilikuwa halivumiliki na masika tulivua viatu. Huku tuna lami na nyumba nzuri, lakini hata mkate unafuatwa kwa bodaboda, na mimi ambaye daktari ananisihi nitembee najikuta ninazunguka uani kwangu kama mfungwa. Sasa kikao cha mtaa kinataka kuweka geti kwenye kichochoro kinachopita kati ya viwanja viwili, kwa sababu ya vibaka. Je, kosa liko kwa watu au liko kwenye mtaa? Na nikubali kichochoro kifungwe?

JIBU: Mwalimu, shikamoo.

Sehemu ya pili ya swali lako ndiyo yenye haraka, kwa kuwa kikao hakitamsubiri mtu. Hata hivyo nakuomba uvumilivu nianze na ile ya kwanza, maana sababu za kulikataa geti hilo zimo ndani yake. Ndiyo, ushauri wangu ni kwamba ulikatae, ingawa hofu ya majirani zako si ya kudharauliwa.

Watu wa Njiro hawana uvivu wa pekee. Wengi wao walihama kutoka Kaloleni, Levolosi na Ngarenaro kama ulivyohama wewe, wakaja na miguu yao ile ile. Kilichobadilika ni mchoro wa mtaa: jinsi njia zinavyoungana, upana wa viwanja, kinachotazamana na njia, na nafasi aliyoachiwa mtu asiye na gari. Lami haimo miongoni mwa mambo ya kwanza katika hesabu hiyo. Nasema hivi nikijua kwamba mikutano ya hadhara huomba lami kabla ya kitu kingine, na diwani akiileta hupigiwa vigelegele. Ni kitu chema, kinapunguza vumbi na tope, lakini ikimwagwa peke yake huwa imetengenezwa njia ya magari tu, na mwenda kwa miguu amebaki pale pale pembeni alipokuwa, tofauti ikiwa kwamba sasa magari yanampita kwa kasi zaidi.

Tuanze na umbali. Mtu mzima mwenye afya hutembea karibu mita 80 kwa dakika, kwa hiyo dakika tano humfikisha mita 400 na dakika kumi mita 800. Wapangaji wa miji hutumia sana kipimo hicho cha mita 400, kwa sababu ndani yake mtu huenda dukani bila kujishauri. Lakini mita hizo ni za njia yenyewe anayoipita, wala si za kamba iliyonyooshwa juu ya ramani. Kaloleni imechorwa kwa mitaa mifupi inayokatana kama nyuzi za mkeka, na katika mchoro wa namna hiyo hesabu ya pembe inatuhakikishia kwamba mzunguko mrefu kuliko yote hauzidi mara 1.4 ya umbali wa kamba. Duka likiwa mita 200 kwa kamba, hutatembea zaidi ya mita 280 au hivi kulifikia, upite kushoto au upite kulia.

Sasa uje huku kwenye viwanja vikubwa. Vimepangwa mgongo kwa mgongo katika vipande virefu, na baadhi ya barabara za ndani zinaishia kwenye ukuta wa mtu. Tuseme duka la Mangi liko mtaa wa nyuma yako, mita 120 kwa kamba. Kama hakuna upenyo, inakubidi utoke mpaka barabara kubwa, uifuate, kisha uingie mtaa wa pili na kurudi kinyumenyume mpaka ulingane na nyumba yako. Ukipima utakuta mita 900, yaani dakika 11 kwenda na nyingine 11 kurudi, kwa ajili ya mkate mmoja. Mtu akiita bodaboda hapo hajafanya jambo la ajabu. Weka upenyo wa mita mbili kati ya viwanja, na safari ile ile inakuwa ya dakika mbili. Duka ni lile lile, na mteja ni yule yule.

Nikiri jambo hapa. Katika miaka yangu ya mwanzo kazini nilishiriki kuchora mpango wa viwanja uliokuwa na vipande virefu vya namna hiyo, na sikuacha upenyo hata mmoja, kwa sababu kila upenyo ulikuwa unakula sehemu ya kiwanja ambacho kingeuzwa. Mchoro ulisifiwa kwa usafi wake. Nilipopita pale miaka michache baadaye nilikuta wakazi wamekata ua wa michongoma kwenye kiwanja kilichokuwa hakijajengwa, na njia ya miguu iliyong'aa kwa kukanyagwa inapita katikati yake. Kiwanja kilipojengwa ukuta, njia ikafa. Tangu siku hiyo kabla sijachora mahali popote hutafuta kwanza njia zilizokanyagwa, kwa kuwa pale wakazi wamekwisha kuchora kwa miguu yao.

Upana wa viwanja nao una sehemu yake. Mtaa wenye viwanja vya upana wa mita 15 kwa mbele una viwanja 26 kila upande katika urefu wa mita 400. Ukiwa na viwanja vya mita 30, vinabaki 13. Ongeza kwamba nyumba ya Kaloleni, ile ya vyumba vinavyotazamana kwenye korido, inaweza kuwa na familia nne au tano, wakati nyumba ya Njiro ina moja na mlinzi. Mwenye genge la nyanya na mchicha anaishi kwa idadi ya wapitao, na wakiwa wachache mno hafungui. Ndiyo maana huku bidhaa zimekusanyika kwenye barabara kubwa, mahali ambapo mtu hufika na gari au bodaboda, na kadiri watu wanavyofika kwa gari ndivyo genge la karibu linavyozidi kukosa sababu ya kuwepo.

Nimefika kwenye jambo ambalo kwangu ni zito kuliko yote baada ya umbali, nalo ni ukuta. Kumbuka mtaa wa Kaloleni jioni: mlango unafunguka njiani, barazani amekaa bibi anachambua mchele, jirani yake anakaanga mihogo, fundi cherehani amejisogeza mlangoni afuate mwanga, watoto wanacheza. Hakuna aliyelipwa kulinda mtaa, lakini kibaka anajua kwamba ameonwa tangu alipokata kona, na mtoto anayekwenda dukani anaonwa vile vile. Sasa simama kwenye mtaa wenu saa kumi na mbili na nusu jioni. Kushoto ukuta wa mita mbili na nusu wenye vipande vya chupa juu, kulia ukuta kama huo wenye nyaya za umeme, na geti la chuma lisilo na tundu. Ndani mna watu wema wanaotazama taarifa ya habari, ila hakuna anayeiona njia. Kila mmoja alijenga ukuta kujikinga na kibaka, na kuta zote kwa pamoja zikampa kibaka ushoroba usio na shahidi. Simlaumu aliyejenga, mimi pia nina ukuta. Ninachosema ni kwamba njia iliyobanwa na kuta mbili bubu humfanya mwenda kwa miguu, hasa mwanamke anayerudi baada ya magharibi, aone kila hatua kuwa ndefu, na bodaboda anayopanda ni nauli ya usalama.

Dawa yake wakazi wameanza kuibuni wenyewe bila kutuuliza sisi wataalamu. Ninaizungumzia fremu. Mwenye kiwanja cha kona anatoboa ukuta wake, anajenga chumba kinachotazama barabarani, anampangisha kijana mwenye duka la vocha na soda au mama mwenye saluni. Kisheria hilo ni badiliko la matumizi ya ardhi linalohitaji kibali, na maofisa wengi huliona kuwa uchafuzi wa mtaa wa makazi. Mimi naona fremu moja kwenye kila kona ni taa inayowaka mpaka saa nne usiku bila mtaa kulipia umeme, na ni mtu anayewafahamu majirani kwa sura. Ningependa vibali hivyo vitolewe kwa urahisi kwenye kona, huku vikibanwa katikati ya mtaa ambako kelele zingewaudhi wasiozitaka. Asiyetaka fremu anaweza angalau kuweka nondo au matundu ya tofali kwenye nusu ya juu ya ukuta, ili aliye ndani aone na aliye nje ajue kwamba anaonekana.

Sehemu ya kukanyaga ni habari fupi kwa kuwa unaiona kila siku. Arusha imekaa kwenye mteremko wa Mlima Meru, maji ya masika hushuka kwa nguvu, na kwa hiyo mitaro yetu lazima iwe mikubwa. Kosa si ukubwa wake. Ni kuiacha wazi na kuifanya mpaka kati ya gari na ukuta bila kumwachia mtu kitu. Mtaro uliofunikwa kwa mifuniko ya zege iliyolala sawasawa ni njia ya miguu iliyokwisha kujengwa. Tatizo linalofuata ni vivuko vya magari kuingia getini: kila mwenye nyumba anamwaga zege kwa kimo chake, huyu sentimita kumi juu, yule ishirini, na anayetembea anapanda na kushuka kama yuko kwenye ngazi. Kijana hajali, lakini mwenye goti bovu hushuka barabarani, na mwenye kiti cha magurudumu hatoki kabisa. Watu wawili wakitaka kupishana vizuri, mmoja akiwa kwenye kiti hicho, wanahitaji upana wa karibu mita 1.8, na mwinamo wa kupandia usizidi mita moja ya kwenda juu kwa kila mita 12 za kwenda mbele. Vipimo hivyo havigharimu zaidi vikizingatiwa wakati wa kujenga. Gharama huja pale kazi inapobomolewa na kurudiwa.

Kuhusu mwendo wa magari nitasema jambo moja. Gari la kilomita 50 kwa saa, ambacho ndicho kikomo kwenye maeneo ya makazi hapa Tanzania, hupita karibu mita 14 kwa kila sekunde, wakati la kilomita 30 hupita mita nane na kidogo. Kwa kuwa nguvu ya mgongano hukua kwa mraba wa mwendo, gari la 50 humpiga mtu kwa nguvu inayokaribia mara tatu ya lile la 30. Barabara ya ndani iliyonyooka, pana na laini humwambia dereva akanyage mafuta, na kibao hakimzuii. Tuta, kona iliyobanwa na kivuko kilichoinuliwa ndivyo vinavyomzuia. Dar es Salaam shirika la usalama barabarani la Amend limefanya kazi ya namna hiyo kuzunguka shule za msingi, kwa matuta, njia za miguu na nguzo za kuzuia magari, vitu ambavyo fundi wa kawaida anavijenga, na mwaka 2019 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji, WRI Ross Prize. Hatukosi ujuzi huo hapa. Tunakosa tu mtu wa kuukumbuka wakati barabara ya mtaa inapopewa mkandarasi.

Miti inastahili zaidi ya sentensi mbili, lakini wewe hujailalamikia. Niseme tu kwamba mijakaranda ya sehemu za zamani za mji ilipandwa kando ya njia, ikampa kivuli aliyepita, wakati miti ya Njiro imepandwa ndani ya kuta, ikampa kivuli mwenye nyumba.

Kuna jambo la Arusha peke yake ambalo wageni hawalioni haraka. Mito yetu, Themi, Naura, Goliondoi na mingineyo, hushuka kutoka mlimani kwenda kusini, na kila mmoja umechimba korongo. Kutoka kaskazini kwenda kusini mtu anashuka nayo vizuri. Kutoka mashariki kwenda magharibi anategemea madaraja machache, nayo yamejengwa kwenye barabara za magari. Vitongoji viwili vinavyosikiana adhana na kengele ya kanisa vinaweza kutenganishwa na mwendo wa nusu saa. Watu hutupa magogo wakavuka, masika yanayachukua, wanatupa mengine. Daraja jembamba la waenda kwa miguu, lenye kingo na lililoinuliwa juu ya kimo cha mafuriko, ni kazi ndogo ukilinganisha na daraja la magari, na sijui mradi mwingine mjini hapa ambao kwa fedha kidogo hivyo ungewasogezea watu wengi shule na zahanati.

Jambo hilo linazidi uzito kwa sababu mji unakua pembezoni. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 416,442 katika Jiji la Arusha, na ya 2022 ikahesabu 617,631, ongezeko la karibu nusu katika miaka kumi. Sehemu kubwa ya mashamba ya kahawa na migomba yaliyogawanywa kwa watoto na kisha kuuzwa vipande vipande haikuwahi kupimwa kabla ya kujengwa. Huko kuna kinyume cha Njiro: vipito vimejaa tele, kwa kuwa kila aliyeuza kipande aliacha njia ya kupita, na mtu anafika popote kwa miguu, ingawa gari la wagonjwa halifiki. Urasimishaji unapokuja, yaani makazi hayo yanapopimwa na kupewa hati, juhudi zote huelekezwa kwenye kupata barabara ya gari, na hilo ni sawa. Lakini katika kusawazisha mipaka vipito vidogo humezwa na viwanja vinavyopakana navyo, kwa sababu havikuandikwa mahali popote. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua haki ya njia ya umma. Kipito kikionyeshwa kwenye ramani ya upimaji hakimezwi kirahisi. Kisipoonyeshwa, siku mwenye kiwanja kipya atakapoleta tofali hakuna wa kumzuia, na mtaa uliokuwa unatembeleka utakuwa umepewa hati na kupotezewa njia kwa mkupuo mmoja.

Sasa turudi kwenye kichochoro chenu, Mwalimu. Ukikifunga, utakuwa umeurudisha mtaa kwenye zile mita 900. Watakaoathirika kwanza ni wasio na gari: wasaidizi wa nyumbani, wanafunzi, walinzi wanaobadilishana zamu, na wewe mwenye amri ya daktari. Wapitaji wakipungua, macho pia yatapungua kwenye mitaa yote miwili, na kibaka ambaye hupanda pikipiki hatajali geti. Vile vile ni vyema ufike ofisi ya mipango miji ya jiji uombe kuonyeshwa mchoro wa eneo lenu. Kama kichochoro kimo humo kama njia ya umma, kikao cha mtaa hakina mamlaka ya kukifunga, kwa sababu kubadilisha mpango ulioidhinishwa kunafuata utaratibu wa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Ulizia pia kama bomba la maji linapita chini yake, maana mara nyingi vichochoro vya namna hii viliachwa kwa ajili ya mabomba, na mafundi watahitaji kuingia.

Lakini usiende kikaoni na sheria peke yake. Jirani aliyeibiwa hatashawishika kwa kifungu. Nenda na mapendekezo. Kichochoro cha hatari ni kile ambacho ukisimama mwanzo huoni mwisho, kwa hiyo kateni michongoma na maua mpaka chini ya kiuno, na kama kuna kona, ukuta wake upunguzwe kimo. Wekeni taa mbili za sola, moja kila mwisho, zikiwa chini kiasi cha kumulika uso wa mtu. Waombeni wenye viwanja viwili vinavyopakana nacho watoboe ukuta kwa matundu upande wa kichochoro, na mtaa uchangie gharama, kwa kuwa wao ndio wanaobeba mzigo wa wapitaji. Mwenye genge akipatikana wa kukaa kwenye mdomo wa kichochoro, msimfukuze.

Mtaambiwa pia kwamba bodaboda watakigeuza barabara. Ni kweli, na nguzo za chuma hazitawazuia kabisa, kwa sababu usukani wa pikipiki na kiti cha magurudumu havipishani sana kwa upana, na nafasi inayomkataa mmoja itamkataa na mwingine. Vizuizi viwili vilivyopishana, kimoja kikitoka kulia na kingine kushoto, vikiachiana nafasi ya kutosha kiti kugeuka, vitamlazimisha mwendesha bodaboda kushuka na kusukuma, naye hapendi kusukuma.

Ikiwa baada ya yote hayo ofisi ya mipango miji itawakubalia geti na kikao kikang'ang'ania kuliweka, basi liwe la kufungwa saa tano usiku na kufunguliwa saa kumi na moja alfajiri, funguo zikae kwa mtu anayeishi jirani na kichochoro chenyewe, na maneno hayo yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao pamoja na tarehe ya kuyapitia upya baada ya miezi sita.